Patakatifu pasipo na ukuta: Bute, visima na sikukuu za kaskazini

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Misitu ya Kaya za Wamijikenda ikafuata 2008, Ngome ya Yesu 2011, boma la mawe la Thimlich Ohinga 2018, na magofu ya Gede 2024. Sasa shika ramani. Anzia Garissa kwenye ukingo wa Tana, panda hadi Mandera, kisha ufuate mpaka wa Ethiopia kuelekea Moyale. Eneo lote lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, zaidi ya kilomita za mraba 120,000, halina hata jina moja katika orodha hiyo.

Mgeni anayeijua Kenya kwa orodha peke yake ataondoka akiamini kwamba watu wa huku hawakujenga, hawakuabudu wala hawakusherehekea. Kosa si lao. Turathi zimepimwa kwa kuta, na kaskazini palipo patakatifu hapajengewi ukuta. Ni kisima, mlima, mti, kaburi lililorundikiwa mawe, au njia ambayo ngamia waliipita tangu enzi za mababu wa mababu. Anayetaka kuyaona haya kwa pamoja, historia yake, ibada yake na sikukuu zake, Bute ni pazuri pa kuanzia.

Bute ndiyo makao makuu ya Wajir Kaskazini, upande wa vilima vya kuelekea mpaka wa Ethiopia. Mji wenyewe si mzee. Una maduka ya mabati, hospitali, shule, msikiti wa Ijumaa, na mifugo inayoingia na kutoka. Wenyeji wake wengi ni Waajuran, na katika Wajir Kaskazini utawakuta pia Wadegodia na Wagarre, huku Waborana wakiwa jirani upande wa Moyale. Nyumba nyingi za Waajuran huku huongea Kiborana. Sokoni Kisomali kinachukua nafasi, ofisini Kiswahili, na msikitini Kiarabu. Mtoto wa darasa la nne anazipita lugha hizo zote kabla ya adhuhuri bila kujiona kuwa amefanya jambo.

Historia ya mahali hapa haianzi na mabati hayo. Inaanza chini ya ardhi.

Kutoka Wajir hadi El Wak na Buna kuna visima vilivyochongwa katika mwamba wa chokaa, na wazee wana jibu moja ukiwauliza nani alivichimba: Madanle. Walikuwa watu warefu kupita kiasi, wenye nguvu za kupasua mwamba, na walipotoweka waliacha vitu viwili, visima na makaburi ya mawe yaliyorundikwa juu ya ardhi. Wapo wanaowahesabu Madanle kuwa jamaa wa Waajuran, na wapo wanaokataa katakata na kusema walikuwa kabila jingine kabisa. Mjadala huo ukianza baada ya swala ya alasiri, usitarajie uishe kabla ya magharibi.

Waajuran wenyewe wana jina kubwa katika historia ya Pembe ya Afrika. Kabla ya karne ya 17 kumalizika, jina hilo lilikuwa la dola iliyotawala mabonde ya mito Shebelle na Juba na kufika pwani ya Banadir. Mwanahistoria Lee Cassanelli, katika kitabu chake *The Shaping of Somali Society* cha 1982, alikusanya masimulizi ya watu wa huko, na jambo linalojitokeza ni kwamba watawala hao walikumbukwa kwa kushika visima. Aliyekuwa na kisima ndiye aliyeamua nani anywe na nani asubiri. Dola ilivunjika, watu wakatawanyika, na baadhi ya koo zenye jina la Ajuran ndizo leo zinazochunga ngamia na ng'ombe kati ya Wajir na mpaka wa Ethiopia.

Kuhusu yale makaburi ya mawe, tusifanye haraka kusema wafugaji hawajengi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchimbaji wao Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, ambako kuna uwanja wa nguzo za mawe wenye umri wa miaka ipatayo 5,000. Chini yake walizikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto, na hakuna dalili kwamba baadhi yao walikuwa wakubwa na wengine wadogo. Waliojenga walikuwa wafugaji wa mwanzo kabisa wa eneo lile. Hawakuwa na mfalme wa kuwatuma wala mji wa kurudi jioni. Walikusanyika, wakazika, wakasimamisha mawe, wakaendelea na safari. Rundo la mawe unalolipita njiani ukielekea Buna huenda ni changa mno ukililinganisha na Lothagam, lakini ni tabia ileile ya watu wa safari kumwekea marehemu alama itakayoonekana na wapitao.

Nirudi kwenye visima, maana hapo ndipo penye utajiri.

Waborana, ambao Waajuran waliishi nao kwa mapatano ya muda mrefu pamoja na Wagabra na Wagarre, wana visima virefu viitwavyo tula, vingi vyao ng'ambo ya mpaka kama vile Dubluk na Web. Kisima cha tula hakichotwi na mtu mmoja. Kwanza kuna njia pana iliyochimbwa kwa mteremko, ambayo mifugo huteremka kwa mafungu mpaka kwenye hori la udongo lililo chini ya usawa wa ardhi. Nyuma ya hori ndipo kisima chenyewe kilipo, na ndani yake wanaume husimama juu ya vijukwaa, mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa anachota kwa ndoo, anairusha juu bila kuangalia, wa pili anaidaka huku akiiangusha ile tupu iliyotoka juu, na hivyo hivyo mpaka maji yanamwagika horini. Wanafanya hivyo kwa wimbo. Wimbo ukivurugika, mikono inakosana na ndoo inaanguka, kwa hiyo sauti ndiyo inayoyapandisha maji. Kabla ya yote, udongo wa hori hukandikwa upya ili maji yasinywee ardhini. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa lita 100 na zaidi kwa mkao mmoja, na nyuma yake wapo wenzake wanaonusa maji na kulia.

Kisima kina mwenyewe, abba konfi, aliye wa ukoo wa yule aliyekichimba au kukifukua. Lakini mwenyewe hauzi maji. Yupo pia abba herega, anayesimamia zamu: leo nani, kesho nani, ng'ombe kabla ya ngamia au baada yake, mgeni aliyetoka mbali awekwe wapi. Mgomvi anaweza kusogezwa nyuma hata kama haki anayo. Mzee anapofungua siku kwa dua, anaomba amani kwa watu, kwa mifugo, kwa malisho na kwa maji, na kila aombapo waliopo huitikia kwa pamoja: nagaa. Hapo kuna mlango wa kushukia, kuna mhudumu, kuna wimbo, kuna zamu, kuna usafi unaodaiwa na adhabu kwa anayeuvunja. Mimi sijui hekalu linahitaji nini zaidi ya hayo.

Na hekalu la kweli, lenye paa na kengele, nalo mara nyingi limesimama juu ya maji. Katika bonde la Kathmandu nchini Nepal wanaishi Wanewari, mafundi wa matofali na mbao ambao miji yao ya Bhaktapur na Patan ni sehemu ya turathi zilizoorodheshwa na UNESCO tangu 1979. Nyatapola, hekalu la paa tano lililojengwa Bhaktapur mwaka 1702 wakati wa mfalme Bhupatindra Malla, lilibaki limesimama baada ya tetemeko la Aprili 25, 2015 lililoangusha mengi ya jirani zake. Wapiga picha hukimbilia hapo. Lakini Wanewari hao hao wana sikukuu iitwayo Sithi Nakha, inayokuja kabla ya mvua kubwa kuanza. Siku hiyo familia husafisha visima, madimbwi na mabomba ya mawe ya mitaani, wakati maji yakiwa yamepungua kabisa na tope linaweza kufikiwa. Patan nako hulivuta mjini gari refu la mbao la Rato Machhindranath, mungu wanayemwomba mvua, na umati hushika kamba kwa siku nyingi.

Mfugaji wa Wajir hahitaji mkalimani kuielewa sikukuu ya kusafisha kisima. Asichokuwa nacho ni gari la kuvuta. Kwa Wanewari mvua huombwa kwa kumzungusha mungu mjini. Huku watu wenyewe ndio wanaozunguka, na mifugo yao, kuifuata mvua iliponyesha. Ukame ukikaza, watu wa Bute na vijiji vyake hutoka kuswali swala ya kuomba mvua uwanjani, na Wasomali wana mkusanyiko wao wa dua uitwao roobdoon, ambapo watu hutoka na kumwomba Mungu pamoja nje ya makazi yao. Uwanja ule, asubuhi ile, umetakaswa. Kesho yake mbuzi wanalala hapo.

Katika elimu yote ya kaskazini, kalenda ndiyo ninayoistahi kuliko kitu kingine, na ndiyo inayosahaulika upesi zaidi.

Wagabra, Warendille, Wagarre na Wasomali wengi wa vijijini wamekuwa na mwaka wa jua wa siku 365, na kila mwaka huitwa kwa siku ya juma uliyoanza nayo. Hesabu yake ni nyepesi na ya werevu. Siku 365 ni majuma 52 na siku moja ya ziada. Basi mwaka ulioanza Jumatano lazima ufuatwe na mwaka wa Alhamisi, kisha wa Ijumaa, mpaka mzunguko wa miaka saba utimie na Jumatano irudi. Mzee akikuambia vita fulani vilipiganwa katika mwaka wa Ijumaa, baada ya kutahiriwa kwa rika fulani na kabla ya ugonjwa fulani wa ng'ombe, amekupa tarehe. Mwanaanthropolojia Günther Schlee alikaa na wazee hao na kuonyesha katika *Identities on the Move*, kitabu cha 1989, kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kurudi nyuma mzunguko kwa mzunguko na kuyapanga matukio ya miongo mingi. Kitabu hicho kilifanya jambo jingine kubwa. Kilionyesha kwamba koo zilezile, na chapa zilezile za ngamia, zinapatikana kwa Wagabra, Warendille, Wasakuye, Wagarre na Waajuran. Ukoo mmoja una watu wa lugha mbili tatu, Waislamu na wasio Waislamu, na wanatambuana kwa alama iliyochomwa kwenye ngozi ya mnyama.

Mwaka huo wa siku 365 hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne siku ya mwanzo inarudi nyuma siku moja. Msomaji wa Zanzibar hapo atakuwa ameshaguna, kwa kuwa mwaka huo anaujua. Ndio Nairuzi, siku ya mwaka ya Waswahili, iliyohesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na ambayo mabaharia na wakulima waliitumia kujua pepo na majira. Makunduchi bado wanaisherehekea mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa: wanaume wanapigana kwa migomba ili kumaliza chuki za mwaka mzima, wanawake wanaimba wamevaa vizuri, na banda la makuti linawashwa moto. Katika miji mingine ya mwambao watu walimzungusha ng'ombe kandokando ya mji kabla ya kumchinja, wakisoma dua, ndilo zinguo la mji. Wasomali nao wana Dabshid, usiku wa mwaka mpya wao wa jua, ambapo moto huwashwa na vijana huuruka. Kutoka Makunduchi hadi vilima vya mpaka wa Ethiopia, watu waliofuata mashua na watu waliofuata ngamia waliufunga mwaka kwa hesabu moja.

Juu ya hapo Waborana wana kalenda yao nyingine, ya mwezi na nyota, iliyo mikononi mwa wajuzi waitwao ayyantu. Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake *Gada* cha 1973: siku zina majina 27, na miezi kumi na miwili hutambuliwa kwa mwezi kuonekana pamoja na nyota fulani. Utaratibu mzima wa Gada, pamoja na mkutano mkuu wa Gumi Gayo unaofanyika kila miaka minane huko Borana nchini Ethiopia ili kutunga na kukumbushana sheria, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zisizoshikika mwaka 2016, kwa maombi ya Ethiopia. Upande wetu wa mpaka watu ni walewale.

Kwa hiyo Bute inaishi katika kalenda nne. Ya Hijria inaamua Ramadhani na Idi. Ya serikali inaamua mshahara na mtihani. Ya wafugaji wa ngamia na ile ya nyota za Waborana zimebaki vichwani mwa wazee wachache, ambao vijana huwauliza mvua tu, si hesabu inayotabiri mvua.

Sikukuu zenyewe zilizofungwa kwenye kalenda ya ngamia huonekana vizuri zaidi leo kwa Wagabra na Warendille, magharibi ya Bute, katika Kaunti ya Marsabit. Sorio hufanywa mara kadhaa kwa mwaka. Mifugo iliyo mbali hurudishwa karibu na nyumba inapowezekana, kila kaya hutoa mnyama wa kuchinjwa, na damu hupakwa kwenye miili ya ngamia ili wabarikiwe. Mwaka mpya wao, almado, nao huwarejesha watu na ngamia bomani. Wagabra wana pia jila, safari za kurudi mahali patakatifu ambapo koo zao hupandisha rika moja daraja. Kambi nzima hung'oa nyumba zake, hupakia kila kitu juu ya ngamia na kutembea hadi mahali palepale babu zao walipotembea. Mahali pamojawapo ni mlima Forole, unaokaa kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia. Padri Paul Tablino, aliyeishi kwa Wagabra miaka mingi na kuandika historia yao, aliieleza hija hiyo, na habari ya mtu aliyeingia mlimani na nyoka anayepewa heshima pale.

Waajuran na Wagarre ni Waislamu, na mengi ya hayo waliyaacha. Lakini nyuzi hazikukatika upande mmoja tu. Warendille na Wagabra, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu, wanahesabu miezi yenye majina yanayokumbusha saumu na Arafa. Kuna wakati Uislamu ulipita katika nchi hii, ukaacha alama kwa wasioufuata, kama ambavyo ibada za ngamia ziliacha alama kwa wanaoufuata.

Hija kubwa ya Kiislamu ya upande huu iko Bale, Ethiopia, kwenye kaburi la Sheikh Hussein. Anaheshimiwa kama walii aliyeupeleka Uislamu katika nchi hizo karne nyingi zilizopita, na kaburi lake jeupe lenye kuba huvuta mahujaji mara mbili kwa mwaka, ikiwamo majira ya Hija. Zamani watu wa kaskazini ya Kenya walikwenda kwa miguu, wakiwa na fimbo yenye panda ambayo ndiyo kitambulisho cha hujaji wa Sheikh Hussein, wakiimba sifa zake njiani. Waliotembea hivyo hawakuhitaji chakula cha akiba. Kijiji walichofikia kiliwalisha, kwa kuwa kumlisha hujaji ni kupata sehemu ya hija yake. Mwanaanthropolojia Paul Baxter aliiandika habari ya Waborana wa Kenya na Uislamu mwaka 1966, na jina la Sheikh Hussein lilikuwa limeshaenea kote.

Kutoka kusini na mashariki ilikuja pia tarika ya Kadiria. Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa 1847 na kuuawa Biolay mwaka 1909, alikwenda Baghdad, akarudi na ijaza, akaieneza tarika hiyo kutoka bara la Wasomali hadi Zanzibar, ambako masultani walimpokea. Dhikri iliyosomwa kwenye visima vya Juba na ile iliyosomwa Unguja zilitoka katika silsila moja.

Miongo ya karibuni imewaleta masheikh wanaofundisha kwamba kutembelea makaburi kwa nia ya baraka hakufai, na wengi wa vijana wa Wajir wamewafuata. Nayaheshimu mafundisho ya dini na sina la kumfundisha sheikh. Ila kuandika jambo si kulifanyia ibada. Kaburi likipimwa, likipigwa picha na jina lake likatiwa daftarini, hakuna aliyelisujudia. Lisipoandikwa, kizazi kijacho hakitakuwa na hata cha kukikataa.

Idi ya Bute haina ugomvi na mtu. Asubuhi mji mzima hutoka uwanjani, watoto wamevaa nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya karatasi, wanaume wakisalimiana makundi kwa makundi njiani. Baada ya swala nyumba zinafunguliwa. Kuna chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, anjera, na nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ambayo kwayo mwanamke mwenye mkono mzuri husifiwa miezi kadhaa baada ya kuisha. Maziwa hutolewa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi wa kuni maalumu, na wazee wakionja mara moja tu huweza kusema ni mti gani uliotumika.

Mambo yaliyokata nyuzi za kale yana tarehe. Mwaka 1907 Uingereza na Ethiopia zilikubaliana mpaka, na Mgiriki Philip Zaphiro, aliyeajiriwa na Waingereza, alikuwa ameshatangulia kuulinda. Kuanzia hapo mfugaji aliyekwenda kisimani kwake aliweza kushtakiwa kwa kuvuka nchi. Wajir ikawa kituo cha serikali mwaka 1912. Miaka ya 1930 Waborana wengi waliondolewa Wajir na kupelekwa upande wa Isiolo, wakaviacha visima vilivyokuwa na majina ya koo zao. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1940, Waitaliano waliivuka Moyale na kufika Buna, mlango wa pili kutoka Bute.

Kisha vikaja vita vya baada ya uhuru, kati ya 1963 na 1967. Watu wa Kaskazini Mashariki na Isiolo wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa na askari, na mifugo mingi ikafa ndani ya maboma au kupigwa risasi. Wazee wanaozungumza Kiborana wanauita wakati huo Daba, kwa kuwa mwendo ulisimamishwa. Sikukuu inayotegemea kuhama haifanyiki ndani ya seng'enge, na bila ngamia hakuna wa kupakwa damu ya sorio. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuutawala mkoa huu hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru alikuwa na umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria moja na Wakenya wa Nairobi. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini hakuna aliyekuja na daftari kuandika turathi.

Leo kinachoviua visima si bunduki. Ni genereta. Kisima cha mashine kinatoa maji kwa bomba, kinasimamiwa na kamati, na mafuta yanapoisha watu wanasubiri lori. Nasema hili nikijua vizuri kwamba misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, kwamba mizoga ya ng'ombe ilijaa kando ya barabara za Wajir, na kwamba mwishoni mwa 2023 mafuriko yakafuata. Hakuna mama atakayeacha bomba ili akahifadhi wimbo. Maji ya mashine yanahitajika na yaongezwe. Lakini abba herega hakuwa pambo. Alikuwa na kanuni za zamu zilizozuia damu kumwagika kisimani, na kamati nyingi za leo zinagombana juu ya mambo yaleyale ambayo yeye alishayapatia jibu.

Sheria ya kufanya kazi hii ipo. Kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na ile ya 2016 ya kulinda elimu ya jadi na maonyesho ya utamaduni. Tangu 2013 kaunti zina bajeti zao, na utamaduni ni jukumu lao. Marsabit imeonyesha kwamba inawezekana: tamasha la Loiyangalani, lililoanza 2008, huzikusanya jamii za Ziwa Turkana kila mwaka. Na Kaya za Wamijikenda zimeshavunja hoja ya ukuta. UNESCO iliukubali msitu kuwa mahali pa ibada na historia, bila nguzo wala paa. Visima vya Wajir, Buna na El Wak, pamoja na makaburi ya mawe yaliyo jirani navyo, vinastahili kuombewa nafasi hiyohiyo, na ombi liandikwe Kenya na Ethiopia zikishirikiana, kwa sababu mpaka ulipita katikati ya visima vilivyokuwapo kabla yake.

Kabla ya ombi lolote kuna kazi ndogo ambayo haihitaji ruhusa ya Nairobi. Wanafunzi wa shule za Bute wakienda likizo, wengi wao wanarudi kwenye kambi za mifugo. Kila mmoja akachore chapa ya ngamia wa ukoo wake, aandike jina la kila kisima ambacho babu yake alinywesha, na mwaka, Jumatano au Alhamisi, ambao babu huyo anausema ndio aliozaliwa. Mwalimu wa historia ayakusanye yote katika daftari moja, na nakala ipelekwe Makumbusho ya Taifa.

Ngamia watasimama vizuri kuchorwa baada ya kunywa, kabla jua halijawa kali.